Mvua iliyogoma kukatika

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Nilikinunua shilingi mia mbili kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandika turubai lake pembeni ya barabara ya Samora, katikati ya miaka ya tisini, siku ambayo mjomba alinituma posta na chenji ikabaki mkononi mwangu. Kilikuwa kipana, karatasi nene, kurasa mbili tatu za mwanzo zimeng'oka, na kilikoishia ni kama sinema iliyokatiwa umeme. Tena kilikuwa cha Kifaransa. Kifaransa nilichokuwa nacho wakati huo ni neno moja, merci, nalo nimelitoa kwenye nyimbo za Wakongo.

Basi nikakisoma kwa macho. Nyumbani tulikuwa watu wa Sani, jarida letu la katuni. Kina Ndumilakuwili na Pimbi tuliwajua kama majirani zetu, na kusoma katuni kwetu kulimaanisha kusoma maneno kwanza, picha baadaye. Hiki kilinilazimisha kinyume. Kijana mfupi mwenye kofia ya mabawa. Bonge la mtu lenye suruali ya mistari ya buluu na nyeupe iliyopandishwa hadi kifuani. Kambwa kadogo keupe. Askari wa Kirumi wanaopigwa, wakiinuka wanapigwa tena. Na chakula! Kila baada ya kurasa kadhaa watu wanakaa kula, na mara nyingi wanachokula ni nguruwe pori mzima aliyebanikwa. Mama alipomwona yule nguruwe akaniambia kitabu hicho nisikiweke kwenye meza ya chakula. Nikamjibu ni mbuzi. Akanitazama, akanitazama, akaniambia: "Mbuzi gani hana pembe?" Kikahamia chini ya godoro langu.

Nilikipitia mara mia, sijui mia ngapi. Kitu ambacho sikukielewa kilikuwa kimoja tu: mvua. Kurasa za mwanzo anga ni la buluu kabisa, buluu ya sabuni ya kufulia. Halafu, kwenye kurasa za thelathini na kitu, linageuka kijivu na mvua inaanza. Watu wanaendelea kutembea, kubishana na kupigana, na mvua inawanyeshea. Ikipungua, mawingu yanabaki pale pale. Mimi mtoto wa Dar, mvua naijua. Kwenye hadithi mvua hainyeshi bure. Ikinyesha, kuna daraja litachukuliwa au mtu atalazwa na homa. Nikasubiri mvua ile ifanye kazi yake. Haikufanya kazi yoyote. Ilinyesha tu, mpaka kitabu changu kikaisha.

Ilinichukua miaka kumi na kitu kujua ni ya nini.

Kitabu kile kinaitwa Astérix chez les Belges, safari ya Astérix, yule kijana mfupi, kwa Wabelgiji, na aliyekichora ni Albert Uderzo. Siku hizi watu wakimzungumzia Astérix wanamsifu zaidi René Goscinny, mtunzi wa maneno, na wana haki yao. Majina yanayochezea Kifaransa, mizaha ndani ya mizaha, Kilatini cha kubeza: ni Goscinny. Lakini mimi niliingia kwa mlango wa uani. Kwa mtu asiyejua lugha, maneno yote ya Goscinny ni wadudu weusi ndani ya viputo. Kilichonichekesha chini ya shuka, tochi mkononi, kilikuwa mkono wa Uderzo peke yake. Kwa hiyo namwandikia huyu, na Goscinny atanisamehe.

Uderzo alizaliwa tarehe 25 Aprili 1927 huko Fismes, mji mdogo wa mkoa wa Marne, kwa wahamiaji wa Kitaliano. Baba yake Silvio alikuwa fundi wa mbao aliyejua pia kutengeneza ala za muziki. Mtoto alizaliwa na vidole sita kila mkono. Huku kwetu mtoto wa vidole sita angesemwa mengi, mabaya na mazuri. Huko walimfanyia upasuaji angali mdogo, vile vya ziada vikaondolewa. Baadaye ikaonekana ana kasoro nyingine: nyekundu na kijani zinamchanganya. Upofu wa rangi. Sasa chukua mtoto huyo, mwambie atakuwa mchoraji maarufu kuliko wote Ufaransa, uone atakavyokucheka.

Mimi nimeshika brashi ya mabango miaka kumi na minne, kabla mabango ya kuprinti hayajatufukuza barabarani, na nakwambia upofu wa rangi unamfundisha mtu jambo moja: usitegemee rangi ikuokoe. Mchoraji mvivu anayeona rangi zote husema ah, hapa nitatia nyekundu, itaeleweka. Uderzo hakuwa na njia hiyo ya mkato. Rangi aliwaachia wengine, akiwemo mdogo wake Marcel. Yeye alihakikisha mstari mweusi umemaliza kila kitu kabla rangi haijafika. Chukua ukurasa wake wowote, utoe fotokopi ya mashine mbovu, utakuta bado unasomeka: nani kakasirika, nani anajifanya hajakasirika, nani anaiba kuku nyuma ya nyumba.

Tazama kofi. Nimelitazama kofi la Obélix, lile bonge la mtu, kuliko ninavyopenda kukiri. Mchoraji wa kawaida angechora ngumi inafika kwenye taya, na nyota mbili tatu. Uderzo anachora baada ya hapo. Mrumi ameshaondoka, yuko juu ya kisanduku, tumeona nyayo tu. Pale alipokuwa amesimama makubazi yake yamebaki hewani, yamekaa sawasawa kama bado yana mwenyewe. Jicho lako ndilo linalompiga yule askari, katika nafasi kati ya makubazi na nyayo. Halafu Obélix hana hata hasira. Uso wake ni wa mtu anayepepeta mchele.

Shule ya uchoraji hakusoma. Akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka 1940, aliingizwa kwenye kampuni moja ya uchapishaji Paris, akajifunzia kazini namna ya kuandika herufi na kurekebisha picha. Kaka yake Bruno ndiye aliyemsukuma. Kila mchoraji niliyewahi kumfahamu ana ndugu kama Bruno, asiyechora lakini anayemwonyesha kila mgeni daftari lako. Vita vilipopamba moto Bruno akakimbilia Brittany, magharibi kabisa ya nchi, kukwepa kupelekwa Ujerumani kwenye kazi ya lazima, na Albert akamfuata huko. Alilipenda eneo lile, mawe yake makubwa ya kale yaliyosimamishwa, bahari yake. Miaka mingi baadaye Goscinny alimwachia achague kijiji cha Astérix kiwe wapi, sharti kiwe karibu na maji ili mashujaa wakitaka kusafiri wapande merikebu. Hakuwa na haja ya kufikiri.

Wawili hao walikutana Paris mwaka 1951. Goscinny alizaliwa Paris kwa Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki, akakulia Buenos Aires, akahangaika New York bila mafanikio. Kwa hiyo mashujaa wanaosemwa kuwa ndio Ufaransa yenyewe, Wagauli, watu wa kale wa Ufaransa, wenye masharubu na kiburi, wametoka kwa mtoto wa fundi wa Kitaliano na Myahudi aliyelelewa Argentina. Nawapenda zaidi kwa hilo.

Nitasimama kidogo kwenye jambo ambalo wachoraji wa Dar na Nairobi watalielewa bila tafsiri. Mwaka 1956 Goscinny, Uderzo na mwenzao Jean-Michel Charlier walijaribu kuwaunganisha watunzi na wachoraji wa katuni wadai haki zao. Wakati huo uliuza mchoro kama unavyouza nyanya: umelipwa, umeondoka, kitakachotokea baadaye si chako. Wakubwa wa kazi walipopata habari, Goscinny akafukuzwa. Uderzo na Charlier wakaondoka naye. Hawakuwa na akiba, hawakuwa na jina. Mimi nimeona kundi la wachoraji likikubaliana kugoma saa nne asubuhi, na ilipofika saa nane mchana nusu yao wako mlangoni kwa tajiri wanaomba msamaha, na mmoja wa hao nusu nilikuwa mimi. Basi najua uzito wa kuondoka naye.

Miaka mitatu baadaye likaandaliwa gazeti jipya la kila wiki, Pilote, likitaka hadithi ya Kifaransa ya kweli, isiyonakili za Wamarekani. Goscinny na Uderzo walikuwa wameshaanza kuchora hadithi za zamani za mbweha Renart, wakaambiwa kuna mtu ameshazifanya. Gazeti linatoka baada ya wiki chache, mkononi hawana kitu. Ikawa kiangazi cha 1959, nyumbani kwa Uderzo, kwenye fleti ya bei nafuu huko Bobigny nje kidogo ya Paris: joto, sigara, chupa ya pastis, pombe yao. Wakaanza kutaja zama za historia ya Ufaransa moja moja. Walipofika kwa Wagauli wakaanza kucheka. Kabla siku haijaisha walikuwa na kijiji, mganga mwenye dawa ya nguvu na majina yanayoishia na -ix. Pilote likatoka tarehe 29 Oktoba 1959.

Kuna mabishano humo ninayoyapenda. Uderzo, kijana aliyekua akichora majitu yenye misuli, alitaka shujaa wa Kigauli mrefu, mwenye kifua. Goscinny akataka kibete mwenye akili. Goscinny akashinda. Lakini Uderzo hakukubali moja kwa moja. Akachora jitu lake hata hivyo, akaliweka pembeni ya yule mfupi. Jitu hilo ndilo Obélix. Leo mtoto ukimuuliza anampenda nani, tusidanganyane.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui: katika toleo lile lile la kwanza la Pilote Uderzo alikuwa anachora pia hadithi ya marubani wa ndege za kivita, Tanguy na Laverdure, iliyotungwa na Charlier. Hii si ya pua kubwa. Ni ya uhalisia kabisa: ndege zenye kila riveti, vivuli kwenye mashavu, lami ya uwanja inang'aa. Wiki moja, mkono mmoja, mitindo miwili isiyofanana hata kidogo, kwa miaka kadhaa, mpaka marubani akamwachia mwingine. Jaribu kuimba taarabu asubuhi na rege jioni kwa koo hilo hilo, halafu rudia wiki ijayo.

Albamu ya kwanza ya Astérix mwaka 1961 ilichapwa nakala 6,000. Ile ya Wanormani, miaka michache tu baadaye, ilimaliza nakala milioni 1.2 ndani ya siku mbili. Setilaiti ya kwanza ya Ufaransa, iliyorushwa Novemba 1965, ikapewa jina la Astérix. Haya ya utajiri yako kila mahali, sitayarudia. Uderzo alipata pesa, akakusanya magari ya Ferrari, yatosha.

Nirudi kwa maharamia, kwa sababu siwezi kumwandikia Uderzo nikaruka. Kuna kundi la maharamia ambao chombo chao kinazamishwa karibu kila kitabu, na juu ya mlingoti yuko Mwafrika, mlinzi. Midomo mikubwa myekundu kama sosi, na kwenye Kifaransa anaongea bila kutamka herufi r. Nilipokuwa mdogo sikumtambua. Kweli kabisa: sikujua kuwa yule anakusudiwa kuwa mtu kama mimi. Nilidhani ni aina ya jini. Nilipojua, nilifunga kitabu. Watetezi wanasema ni mzaha juu ya katuni nyingine ya maharamia ya enzi hizo, ambayo nayo ilikuwa na mlinzi Mwafrika, na kwamba Uderzo alimkuza kila mtu pua na tumbo. Sawa. Ila Mrumi ana nyuso elfu katika vitabu hivyo, mnene, mwembamba, mwoga, mjanja; Mwafrika ana uso mmoja, na aliendelea kuwa nao miaka yote ya Uderzo. Mkono ulioweza kutofautisha Warumi mia moja kwenye kisanduku kimoja ungeweza. Haukutaka kujisumbua. Siachi kumpenda kwa sababu hiyo, na simwachii pia.

Sasa mvua.

Tarehe 5 Novemba 1977 Goscinny alikwenda kwa daktari wake wa moyo kupimwa. Wakamweka kwenye baiskeli ya mazoezi ili moyo upimwe ukiwa unafanya kazi. Akaanguka pale pale, akafariki. Alikuwa na miaka 51. Maneno ya safari ya Ubelgiji alikuwa ameshayamaliza. Picha zilikuwa zimefika katikati. Uderzo aliweka kalamu chini. Alitaka kuacha kabisa, mpaka mchapishaji akaenda mahakamani kumlazimisha akabidhi kurasa zilizobaki. Jamani, fikiria: unashtakiwa ili uchore vichekesho vya rafiki yako aliyekufa.

Akachora. Kila neno la Goscinny lipo mahali pake, hakuna mzaha uliopunguzwa. Wabelgiji na Wagauli wanashindana nani atabomoa kambi nyingi zaidi za Warumi, wanamwita Julius Kaisari mwenyewe aje aamue nani shujaa kuliko mwenzake, na Kaisari anawaambia nyote wendawazimu. Lakini kuanzia pale alipofika siku ile ya msiba, Uderzo akaleta mawingu. Goscinny alikuwa ameandika hadithi. Hali ya hewa ikawa ya Uderzo. Hakuandika tanzia, hakuweka picha ya marehemu yenye fremu nyeusi. Alinyesha mvua juu ya vichekesho na akaacha vichekesho viendelee. Albamu ikatoka 1979.

Nilisoma habari hizi nikiwa na miaka ishirini na kitu, kwenye maktaba ya Alliance Française pale Upanga, nikijikongoja na kamusi baada ya darasa la jioni. Sijui nieleze vipi. Kwa miaka yote ile nilidhani sikukielewa kile kitabu kwa sababu ya lugha. Kumbe Mfaransa aliyejua kila neno naye, kama hakuwa na habari za msiba, aliikuta mvua ile ile na kujiuliza swali langu lile lile.

Baada ya hapo Uderzo alifungua kampuni yake, Albert René, majina yao mawili pamoja, akaendelea kutunga na kuchora peke yake kuanzia 1980. Wahakiki hawakumwonea huruma, na kile cha 2005 chenye viumbe kutoka sayari nyingine, mimi pia sikukimaliza. Maneno yalikuwa yamepoa. Picha hazikupoa: nenda kwenye zile za umati na uniambie. Mkono ulipozeeka wasaidizi wakamsaidia kupitisha wino. Akagombana mahakamani na binti yake juu ya kuuza kampuni, wakapatana 2014. Mwaka 2011 akawapa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kurasa halisi 120 zilizochorwa kwa mkono, zikiwemo zile za Ubelgiji, na mwaka 2013 albamu ya kwanza isiyo yake ikatoka kwa Jean-Yves Ferri na Didier Conrad.

Januari 2015, baada ya mauaji ya wachoraji wa Charlie Hebdo, gazeti la dhihaka la Paris, mzee wa miaka 87 alirudi mezani. Mchoro mmoja una Astérix na Obélix wameinamisha vichwa, wamevua kofia. Mwingine una kofi lile lile la siku zote, na makubazi yaliyobaki hewani safari hii ni yenye ncha zilizopinda juu, ya Kiarabu. Wa kwanza niliuhifadhi kwenye simu. Wa pili, mimi mwana wa msikitini, niliutazama muda mrefu sikujua niuweke wapi. Najua aliyepigwa ni muuaji. Najua pia makubazi ya namna ile yanakaa mlangoni kwa babu yangu.

Alifariki usingizini huko Neuilly tarehe 24 Machi 2020, akiwa na miaka 92, kwa moyo, wiki ambazo dunia nzima ilikuwa imejifungia ndani kwa ugonjwa mwingine.

Kitabu changu cha Samora bado ninacho. Siku ile pale Upanga nilipata nakala nzima kwa mara ya kwanza, yenye jalada na yenye mwisho. Kurasa nilizokosa miaka yote zina karamu kama kawaida yao, watu wote mezani usiku. Pembeni, chini kushoto, kuna sungura. Hahusiki na lolote. Anaondoka kwenye sherehe peke yake, mnyonge, akigeuza shingo kutazama nyuma. Wanasema ni salamu ya Uderzo kwa Gilberte, mjane wa Goscinny.

Nilitoa fotokopi ya ukurasa huo shilingi hamsini, nikaubandika kwa gundi mwishoni mwa kitabu changu. Mashine ilikuwa imechoka, sungura akatoka kama doa. Nikachukua kalamu nikampitisha upya mistari mwenyewe. Masikio nilikosea, yamekuwa marefu mno.